Bonde Lipi

Saa nne usiku simu ya waokoaji
ililia jikoni kwa Beathag, kando ya birika.
"Niko bondeni," alisema mtu, meno yakigongana.
"Bonde lipi?"
"Bonde tu. Kuna mlima huku na mlima kule."

Jina lake Sjoerd, mtu wa Frisia, kule Uholanzi,
nchi iliyolala chali, ambako kilele
ni tuta la udongo la kuzuia bahari,
na kondoo akilipanda huonekana hadi wilaya ya pili.
Betri asilimia sita. Ramani ya simu
ilimwonyesha nukta ya buluu ikielea kwenye weupe.

Lakini milimani Uskoti, kusema "niko bondeni"
ni kama kusema "kimo ndani ya nguo."
Wapi? Mfukoni? Kwenye pindo? Ukosini?

Mama yake Beathag, aliyekamua hadi vidole vikapinda,
alikuwa na gleann, jembamba, lenye mto unaogombana na mawe;
na srath, pana, mto wake umeshiba, umelala;
alikuwa na bealach, mlango usio na fundi,
hupitisha upepo, mifugo na majeneza;
eag, pengo la jino kwenye ukingo wa mlima;
cadha, ambapo mtu hupita kwa ubavu akiomba radhi;
achlais, kwapa, maana mlima nao huinua mkono;
na lag, ambalo ni kishimo na pia ni unyonge,
neno alilolisema siku za mwisho, kashika kifua,
na Beathag hakujua ametaja moyo
au mahali.

"Sjoerd. Upepo unakupiga kutoka wapi?"
"Kila upande."
"Hapana. Unaingia huku ukatokea kule, au unazunguka?"
Kimya. Kisha: "Unazunguka. Kama nao umepotea."

Basi si bealach. Ni coire, chungu,
chungu kilichobomoka ubavu mmoja.
Na mlima ule una vyungu vitano,
na usiku ule ukungu ulichemka katika vyote.

"Maji?"
"Nayasikia. Chini. Siyaoni."
Akafuta viwili.
"Umekalia nini?"
"Nyasi." Akasita. "Laini. Kote nilikopita ni mawe na matope,
hapa ni kama uwanja wa mpira."

Beathag akasimama, kiti kikaanguka.
Nyasi za namna ile huota walipolala ng'ombe,
hata kama wa mwisho aliteremka
miaka sabini iliyopita.

"Glac a' Bhainne," akamwambia Fearchar kwenye redio.
"Kitanga cha Maziwa. Ndani ya Coire na Bà,
kushoto, ukishalipita jiwe lililopasuka."
"Haipo kwenye ramani."
"Najua haipo kwenye ramani."
Mpimaji aliyeichora aliwauliza wanaume.
Wanaume hawakukamua.

Betri ikafa.
Akaiacha simu mezani, akaokota kiti,
akalipangusa birika ambalo halikuwa na vumbi.

Walimpata saa tisa kasorobo,
kajikunja kwenye zile nyasi kama kitu kilichodondoshwa
na mtu atakayekirudia,
akihesabu kwa Kifrisia ili asilale.
Alikuwa amefika elfu tatu na kitu.

Alfajiri, jikoni, kashika kikombe kwa mikono miwili.
Beathag akagusa kiganja chake
pale kilipopinda kufuata joto.
"Hapa," akasema. "Glac."
"Glak."
"Hapana. Mwisho wake upitie kooni,
kama mtu aliyetaka kukohoa akaahirisha."
"Glahk."
Fearchar, soksi zake zikitoa mvuke mbele ya moto,
akasema bila kufumbua macho, "Mwache anywe."
"Atakunywa," akasema Beathag. "Tena."